Mende jikoni na paka ndani: dawa ya kupuliza, jeli, unga wa boriki au mitego ya gundi?

Mama_Nyau (mwanzisha mada)
Habari zenu jamani. Mende wamenishinda. Si wale wakubwa wanaopanda kutoka kwenye chemba, ni hawa wadogo wa kahawia hafifu wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Wamejaa kwenye bawaba za makabati, nyuma ya friji, mpaka ndani ya saa ya ukutani. Juzi niliwasha blenda bila kuchungulia chini ya kisu, na mmoja alikuwemo. Nilimwaga kila kitu, nikakaa chini nikalia.

Kinachonizuia kuchukua hatua ni paka. Ninaye jike na watoto wake wawili wa miezi mitatu, wanaolamba kila kitu. Kuna dawa ya kupuliza, jeli ya chambo inayokamuliwa kwa bomba la sindano, unga wa boriki (asidi ya boriki) na mitego ya gundi. Aliyetumia zaidi ya moja anilinganishie, tafadhali.

Ngome
Puliza, dada. Nilifunga madirisha, nikapuliza kila kona, nikatoka saa nne nzima. Niliporudi nilizoa mende kwa kizoleo. Hizo jeli zinataka subira, na wewe umeshachoka. Paka wapeleke kwa jirani siku hiyo.

Mlezi_wa_Wanne
Ngome, kwa mwenye paka hilo si jambo la siku moja. Dawa nyingi za kupuliza zina viuatilifu vya kutengenezwa vinavyofanana na pareto, kama pemethrini. Ini la paka haliwezi kuzivunjavunja vizuri kama la mbwa. Hatari kubwa kabisa ni zile dawa kali za viroboto za mbwa, hizo asipakwe paka hata tone. Lakini wangu alitembea kwenye sakafu iliyopulizwa kabla haijakauka, akajilamba miguu. Jioni alikuwa anatoka povu na kutetemeka masikio. Daktari wa mifugo alimwogesha kwa sabuni na kumlaza siku mbili. Alipona, ila ule usiku siusahau.

Ukilazimika kupuliza, paka warudi pakiwa pamekauka kabisa na hewa imepita, na vyombo vyao vya chakula viwe vimetolewa mapema.

Fundi_Wadudu
Nimefanya kazi ya kuua wadudu majumbani kwa miaka mingi, naomba mnivumilie nikiandika kirefu.

Mende unaowaeleza ndio wagumu kuliko wote ndani ya nyumba. Jike hubeba kifuko cha mayai mkiani, chenye mayai 30 hadi 40, na hakiachi mpaka kikaribie kuanguliwa. Dawa ya kupuliza haipenyi kifuko hicho. Kwa hiyo hao waliozolewa kwa kizoleo walikufa kweli, ila baada ya wiki chache watoto hutoka na nyumba inajaa upya. Ngome, tuambie, hawakurudi?

Halafu dawa nyingi za kupuliza zinawafukuza. Wanaingia ndani zaidi ukutani, au wanahamia chumba ambacho hawakuwamo. Na vizazi vingi vya mende hawa vimeshazoea sumu hizo.

Jeli inafanya kazi kinyume chake: inawaita. Mende anakula, anarudi mafichoni, anafia huko. Wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanapata sumu. Watoto wachanga wasiotoka mafichoni hufikiwa kwa njia hiyo. Weka matone madogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, mengi, ndani ya nyufa: kwenye bawaba, chini ya ukingo wa sinki, nyuma ya mota ya friji, pale ambapo ulimi wa paka haufiki. Usiweke tone kubwa moja mahali pa wazi. Na usipulize chochote karibu nalo, maana ukilinyunyizia dawa hawatalisogelea.

Wakianza kuipuuza, badili aina. Wapo mende wanaoikwepa sukari ya glukosi iliyomo kwenye chambo. Watafiti walilieleza jambo hilo tangu 1993, na mimi nimekutana na majiko ambako jeli moja haikuguswa kabisa na nyingine ikaliwa usiku uleule.

Bibi_Sabuni
Mimi mtetezi wa unga wa boriki, lakini watu wanaumwaga kama wanapanda mbegu. Mende akiona kichuguu cha unga anakizunguka. Unatakiwa uwe utando mwembamba usioonekana vizuri, ili aukanyage, kisha aumeze anapojisafisha miguu na papasi zake za kichwani. Huchukua siku kadhaa kufa. Ukibaki mkavu, unga unadumu muda mrefu sana. Ukilowa, hauna kazi.

Kwa wenye paka, upitishe chini ya makabati yasiyosogezwa na nyuma ya mbao za ukutani tu. Na nawasihi: uandikeni jina. Mimi niliuweka kwenye kopo la jikoni bila alama, na mkwe wangu akauchanganya kwenye kinyunya akidhani ni hamira ya unga. Nilimkuta anakanda. Tulitupa unga wote na bakuli nikalisugua mara tatu. Tangu hapo unakaa stoo, juu kabisa.

Kimya
Mtego wa gundi hauwamalizi. Kazi yake ni kukuonyesha wanakotokea na kama wanapungua. Uingize chini ya friji kabisa. Kitoto changu cha paka kilinasa miguu miwili. Usimvute. Mpake mafuta ya kupikia taratibu mpaka gundi iachie, kisha muoshe kwa sabuni laini.

Ngome
Fundi, walirudi, ndiyo. Nimepuliza mara nne mwaka huu. Na la ini la paka sikulijua, asante Mlezi.

Fundi_Wadudu
Si wewe peke yako, Ngome. Nimesahau maji: mende anavumilia njaa kuliko kiu. Bila maji hamalizi hata wiki mbili tatu. Rekebisha bomba linalovuja, kausha sinki usiku, na bakuli la maji la paka lilale nje ya jiko.

Mama_Nyau
Wiki ya sita leo. Nilifuata hivi: jeli kwenye nyufa, unga wa Bibi chini ya kabati la sinki lisilosogezwa, mitego miwili ya kuhesabia, bomba limefungwa vizuri. Sikupuliza. Siku kumi za kwanza nilikata tamaa, walionekana mchana wakiyumba, kumbe ndiyo wanakufa. Mtego wa chini ya friji ulinasa 31 wiki ya kwanza, 9 wiki ya tatu, wiki hii mmoja. Paka wote wazima.

Ila huyo mmoja alikuwa na kifuko mkiani. Niongeze jeli au nisubiri?

Fundi_Wadudu
Ongeza leo, nyuma ya mota palepale. Jike mwenye kifuko hali sana wala hatoki sana, kwa hiyo tone limsubiri karibu na alipojificha. Mtego uache miezi miwili mingine, na kila wiki utuandikie idadi.