MJADALA: Rekodi zimehamia kwenye kompyuta. Mgonjwa abaki na nini mkononi?

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, vituo vingi vya halmashauri Tanzania sasa vinatumia mifumo ya kompyuta kama GoTHOMIS: mapokezi, malipo, maabara, dawa, yote humo. Hilo naliunga mkono. Faili halipotei tena masjala. Lakini hospitali tunayotibiwa sisi, daftari la mgonjwa limeondoka pamoja na faili, na hapo ndipo ninapopinga.

Mama yangu ana presha. Zamani alirudi na daftari nikalisoma jioni: presha ilikuwa ngapi, dawa gani imeongezwa, arudi lini. Akienda zahanati ya jirani, tabibu alilifungua akaendelea pale mwenzake alipoishia. Siku hizi daktari anauliza huku macho yapo kwenye kioo, anaandika, kisha anamwelekeza dirisha la dawa. Mama anarudi na vidonge tu. Nikimuuliza kaambiwa nini, hajui, na mimi sina pa kusoma.

Ninachotaka: mgonjwa yeyote asitoke bila karatasi ya Kiswahili yenye ugonjwa, majibu ya vipimo, dawa na tarehe ya kurudi. Mnasemaje?

Tabibu, Singida

Hata enzi za karatasi tuliinama tukiandika, ila mistari mitatu ilitosha. Sasa kwetu siwezi kuagiza kipimo kabla sijajaza malalamiko na ugonjwa ninaoushuku. Mgonjwa akiwa wa bima, msimbo wa ugonjwa ukikosewa dai linarudishwa na kituo hakilipwi. Nusu ya ninayoandika hayamsaidii mgonjwa, yanamsaidia mhasibu. Nimejizoesha kwanza kumsikiliza mtu mpaka amalize ndipo niguse kibodi, na hata hivyo benchi la nje linanisukuma.

Karatasi ya kuchapa ni wazo zuri. Printa tunayo, wino ndio hakuna.

Muuguzi, Mombasa

Mnalisifu daftari kupita kiasi. Dada anayetumia ARV, daftari lake likisomwa nyumbani kabla hajawa tayari kusema, anaweza kufukuzwa. Nimewaona wanaolificha kwa jirani, na wengine wanaolichana.

Pia kompyuta si lazima ikae katikati ya watu wawili. Mosoriot, karibu na Eldoret, walianza rekodi za kompyuta 2001, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, mwaka 2004. Katika kliniki za AMPATH, mpango wa matibabu wa magharibi mwa Kenya, mhudumu alijaza fomu ya karatasi mgonjwa akiwa mbele yake, karani akaingiza baadaye, na ziara iliyofuata muhtasari ukachapwa kutoka kwenye mashine. Gharama ni mishahara ya makarani, na taarifa huchelewa kuingia. Lakini mgonjwa alitazamwa usoni.

Mwanzisha mada, Morogoro

Dada, la siri umenigusa, nalikubali: mgonjwa aulizwe kwanza kama anataka karatasi, na iandikwe nini. Ila kumuuliza ni tofauti na kumnyima. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake. Marekani nako, tangu Aprili 2021, kanuni za shirikisho zinataka mgonjwa asicheleweshewe maandishi ya daktari yaliyo kwenye mfumo. Mama yangu hana simu ya kufungulia mfumo wowote. Kwake haki hiyo ni karatasi, au haipo.

Tabibu, kama wino hakuna, mwandikieni kwa mkono. Mistari ileile mitatu.

Tabibu, Singida

Kaka, mistari mitatu kwa mgonjwa mmoja ni kidogo. Kwa wote waliopanga foleni tangu asubuhi, kuna watu watarudi nyumbani bila kuonwa, na wengi wao wametoka vijiji vya mbali. Nipewe muuguzi mmoja wa kukaa mlangoni, amsomee kila anayetoka kilichoandikwa na kumnakilia, nitaanza kesho. Kuandika mara mbili peke yangu sitakubali.

Muuguzi, Mombasa

Na huyo muuguzi apewe chumba. Mlangoni foleni yote itasikia.