Tupeane uzoefu: Umewahi kuunganisha CNC ya mezani kwenye mtandao wa ofisi? Ilikuwaje?

Mchonga Vibao
Wakuu, salama? Jamaa wa Tabata kanipigia, anataka kuingiza CNC yake ndogo, ile mashine ya kuchonga mbao kwa amri za kompyuta, kwenye waifai ya ofisi maana kachoka kubeba laptopu iliyojaa vumbi la mbao. Nimecheka, halafu nikakumbuka yangu. Wenye hizi CNC za mezani, 3018 na ndugu zake, njooni. Nani imemkubali, nani imemtoa jasho?

Fundi wa Keko
Mimi na waifai hatuongei hadi leo. Ofisi iko juu, mashine iko chini karakana, na ukuta wa pili jirani anachomelea mageti kutwa. Kijana akanifungia kakifaa ka kupitisha USB kwenye waifai, nikawa nakaa juu na feni yangu natuma kazi. Mwanzoni raha tupu. Siku hiyo nachonga kipande cha mninga cha mlango wa kabati, maua ya Kizanzibari, advansi nishaila. Jirani kabana chuma chake, umeme ukashuka, ruta ikazima na kuanza kuwaka upya. Mashine ilikuwa kwenye UPS, ile betri ya akiba, ruta haikuwa. Basi ikasimama katikati ya ua, ila mota ya biti, kile kisu kinachochonga, haikusimama! Inazunguka palepale, mbele haiendi, nyuma hairudi. Mimi juu kilichonishtua ni harufu. Nashuka nakuta moshi mwembamba unatoka kwenye petali, na shimo jeusi saizi ya punje ya choroko. Nikaziba kwa gundi na unga wa mninga, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Mteja aliliona kabla hata hajashusha miwani.

Waya Tatu
Pole mkuu. Lakini usiilaumu waifai, laumu namna ya kutuma. GRBL, programu inayoendesha mashine kwenye bodi ya Arduino Uno, sehemu yake ya kupokelea ni baiti 128 tu, yaani mistari michache ya G-code, zile amri za kuchonga. Kompyuta inailisha kidogokidogo. Mtandao ukikata, inamaliza iliyonayo inasubiri, na ile amri ya kuzima mota iko mwisho wa faili, haijafika. Faili zima litangulie kwenye kadi ya kumbukumbu ya mashine, ndipo uianzishe. Bodi za ESP32, zile zenye waifai ndani, zikiwa na programu ya FluidNC zinafanya hivyo, waifai ikifa katikati kazi inaendelea.

Kipanga
Naunga mkono hoja.

Dada Leza
Na hizo ESP32 waifai ya 5 GHz hazioni kabisa, ni 2.4 tu. Nilibishana na fundi mchana kutwa eti bodi mbovu.

Mtu wa Kebo
Mashine inayokata kuiweka kwenye waifai ni ushamba. Vuteni waya. Swichi ndogo ya matundu matano pale Kariakoo haikufilisi.

Waya Tatu
Waya unauchomeka wapi? Uno haina tundu la mtandao.

Mtu wa Kebo
Weka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pembeni ya mashine, USB fupi, programu ya CNCjs ndani yake ya kutuma kazi, waya wa mtandao uingie kwenye Pi. Ofisini unafungua brauza, anwani ya Pi halafu :8000 mwishoni, kazi kwisha.

Fundi wa Keko
Na umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu ya Pi inaharibika. Nimeshazika.

Mtu wa Kebo
Nunua UPS.

Fundi wa Keko
Mkuu, UPS ninayo. Soma nilichoandika.

Mtu wa Kebo
Ya ruta!

Mpingo Mweusi
Nyie mnalilia mbao, mimi nusura nipoteze kidole gumba.

Fremu yangu iko Sinza, ukuta mmoja na saluni. Aliyekuja kufunga mtandao akatushauri tuchangie ruta moja, paswadi akaibandika saluni pembeni ya kioo. Bodi yangu ni hiyo hiyo ESP32. Ukiandika anwani yake kwenye simu unaletewa ukurasa wenye mishale ya kusogeza mashine, haikuulizi wewe nani.

Sasa, nimemaliza biti ya kwanza kwenye kibao cha mpingo, mashine imetulia. Naingiza mkono nibadilishe biti, spana kwenye nati. Kichwa kikashuka kidogo. Nikadhani nimegusa kitu. Kikapanda. Kikaenda kulia. Naita kijana wangu, "We, unachezea nini?" Anaitikia kutoka nje, yuko kwa mama ntilie. Nywele zikanisimama. Kabla sijatoa mkono kikashuka tena, na kidole gumba kiko kati ya nati na mpingo, na mpingo unaujua, haubonyei. Nilipiga yowe saluni nzima wakatoka na rola kichwani. Kile kitufe chekundu nilikigonga kwa kiwiko. Kucha yote iling'oka baadaye.

Kumbe kijana wangu alikuwa anamtambia dada wa saluni, kamfungulia ule ukurasa kwenye simu yake. Dada kamwachia simu mtoto wa mteja atulie mama yake asukwe. Mtoto kaona mishale, kajua gemu.

Kipanga
Hapo kwenye kumtambia dada wa saluni nimeelewa kila kitu 😂

Mchonga Vibao
Walioana?

Mpingo Mweusi
Kidole changu hakuna anayekiulizia? Wana mtoto mmoja.

Mtu wa Kebo
Waifai hiyo. Nilisema.

Waya Tatu
Hata kwa waya ule ukurasa ungefunguka, ruta si ni ile ile? Wape saluni mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao, mashine ibaki upande wako. Na uwezo wa kuweka paswadi kwenye bodi upo.

Dada Leza
Mnabadilishaje biti mashine ikiwa na umeme? Zima kabisa.

Mpingo Mweusi
Dada, ukizima kabisa mota zinalegea, sifuri, pale mashine inapoanzia kupima, imepotea, na kazi iko nusu. Utaipangaje tena?

Dada Leza
Basi chomoa ruta.

Mpingo Mweusi
Saluni wataandamana.

Mzee wa LPT
Vijana, chuoni tulikuwa na mashine inayoendeshwa na programu ya Mach3, waya wa LPT ule wa printa za zamani, kompyuta ya Windows XP. Wakataka folda yake ionekane ofisi zote. Kompyuta mpya zikagoma, kwa sababu zile za XP zinashea kwa SMB1, njia ya zamani ya kushea mafaili, na Windows 10 iliacha kuja nayo mwishoni mwa 2017. Ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei mwaka huo huo. Mtu wa IT akakataa kuifungua, na mimi nilimuunga mkono. Tukabaki na mtandao wa ndala: flashi mfukoni, unatembea.

Fundi wa Keko
Shikamoo mzee. Huo mtandao hauhitaji ruta wala UPS.

Mzee wa LPT
Marahaba. Virusi vya flashi lakini tulivikoma.

Mchonga Vibao
Yangu ni anwani ya mashine kwenye mtandao kubadilika kila umeme ukirudi. Leo .14, kesho .22, naenda kugonga printa.

Waya Tatu
Ingia kwenye ruta, ifungie anwani kwa namba yake ya MAC, ile ya utambulisho wa kifaa.

Kipanga
Au iwekee .200 mwenyewe kwenye bodi.

Waya Tatu
Kama ruta nayo inagawa mpaka .254, iko siku simu ya mgeni itapewa .200. Punguza kwanza kiwango cha ruta.

Mgeni Buguruni
Wakuu samahani kuingilia, yangu imeandika ALARM:1 na haisogei. Ni mtandao?

Mzee wa LPT
Si mtandao. Imegusa limiti swichi, ile ya mwisho wa njia, au imedhani imegusa. Iriseti kwanza, kisha andika $X ifunguke, irudishe nyuma taratibu, halafu fuata waya wa swichi uone kama umefungwa pamoja na wa mota ya biti. Kama umefungwa pamoja, utenganishe, maana umeme wa mota unaidanganya swichi.