Wauza vifaa vya ujenzi, acheni kutubambikia vyeti visivyohusu mzigo mnaotuletea!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nasimamia manunuzi kwenye mradi wa shule unaotafuta alama za LEED (mfumo wa kutunuku vyeti majengo rafiki kwa mazingira), zikiwemo zile za vifaa visivyochafua hewa ya ndani. Wiki ya tatu sasa namwomba msambazaji kitu kimoja tu: ripoti ya maabara inayoonyesha gundi ya sakafu inatoa nini hewani ikishapakwa. Kwanza akaleta karatasi ya usalama wa kemikali. Nikakataa. Akaleta tamko lenye muhuri mkubwa kwamba gundi ina gramu chache za kemikali tete, yaani zinazogeuka mvuke kirahisi, kwa lita. Nikakataa tena. Juzi akanitumia picha ya cheti iliyopigwa kwa simu, pembe moja imekatwa. Nikaikuza mpaka jina la bidhaa likasomeka: gundi ya zulia! Sisi tunabandika vigae vya plastiki. Na muda wa cheti chenyewe uliisha mwaka jana.

Gramu kwa lita ni hesabu ya kilichomo koponi. Mtoto darasani havuti kopo, anavuta hewa! Ndiyo maana kipimo cha CDPH, idara ya afya ya umma ya California, kinataka sampuli ikae kwenye hewa safi siku 10, kisha ipimwe ndani ya chemba kwa saa 96. Majibu yanapigiwa hesabu ya chumba halisi, na fomaldehaidi, gesi kali inayotoka kwenye baadhi ya gundi na mbao za kiwandani, haitakiwi kuzidi maikrogramu 9 kwa mita ya ujazo. Kwa gundi na rangi, LEED inataka yote mawili, kilichomo na kinachotoka. Moja halifuti jingine.

Halafu someni cheti kimepigiwa hesabu ya chumba gani. Kuna hesabu ya ofisi ya mtu mmoja na kuna ya darasa. Mimi najenga madarasa, naletewa cha ofisi, naambiwa "si ni kilekile tu". Si kilekile!

Makabati ndiyo yameniumiza zaidi. Yalikuja na stika ya E1, basi, kila mtu akaridhika. E1 ni daraja la Ulaya la fomaldehaidi inayotoka kwenye mbao za kiwandani, na lina namna yake ya kupima. California kikomo cha fomaldehaidi kwa MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa) ni 0.11 ppm, yaani sehemu kwa milioni za hewa, plaiwudi 0.05, na mradi wetu unadai chini ya hapo. Asubuhi nilifungua stoo yalikolala usiku kucha, nikavuta mlango wa kabati moja, macho yakaanza kutiririka machozi. Kingo za ndani hazikuzibwa, matundu ya kushikilia rafu yako wazi, na huko ndiko fomaldehaidi inakotokea kwa wingi, joto na unyevu vikizidi ndiyo inaongezeka. Hii ni kemikali ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 2004. Tunaipeleka darasani kwa sababu mtu kaona uvivu kufungua faili na kutafuta ripoti sahihi?

Makabati nimeyakataa yote, na gundi haishuki kwenye gari. Mkandarasi amenuna, anasema nachelewesha kazi. Achelewe.

Aliyewahi kupewa ripoti kamili, yenye jina la bidhaa, tarehe na aina ya chumba, anieleze aliidai vipi. Na kama aliiandika kwenye mkataba kabla ya kulipa, naomba maneno aliyotumia.