Naombeni ushauri: Chipko niiweke wapi kwenye desetesheni?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Nasoma masomo ya maendeleo, naandika desetesheni kuhusu Chipko ya India, wale wanakijiji wa Himalaya waliokumbatia miti isikatwe, na sasa nimekwama kwenye sura ya pili.

Mimi niliiandika kama harakati ya mazingira ya wanawake, nikaweka tukio la kijiji cha Reni, Machi 1974, wanaume wameitwa mjini Chamoli kwenye mambo ya fidia ya ardhi, Gaura Devi, kiongozi wa akina mama pale kijijini, akatoka na akina mama na mabinti wakawazuia wakata miti. Supavaiza kairudisha na wino mwekundu pembeni, "mazingira au tumbo?", yaani walitetea misitu au riziki yao?

Nikarudi kusoma, kumbe hata yeye ana hoja, maana mwaka 1973 kule Mandal, kijiji kingine cha milima hiyohiyo, watu walinyimwa miti ya kutengenezea zana za kilimo, halafu miti ileile ikapewa kampuni ya vifaa vya michezo, yaani mkulima hana nira ila raketi za tenisi zipo! Na lile katazo la 1980 la kukata miti mibichi milimani kwa miaka 15 nasoma kuna wanakijiji liliwabana wao wenyewe.

Nimejaribu kuchanganya hoja zote mbili, ya mazingira na ya riziki, imekuwa uji.

Sasa naomba kujua, nichague upande mmoja au kuna namna ya kuziunganisha zikashika? Na Wabishnoi wa Khejarli wa 1730, wale waumini wa Rajasthan, India, waliouawa wakikumbatia miti isikatwe, nianze nao, au nitaonekana najaza kurasa tu?

Natanguliza shukrani, narudisha kazi Ijumaa.