Mchapishaji hajulikani: rejeo litupwe?

Bint Mkoani: Assalaam alaykum wenzangu. Mdogo wangu anaandika tasnifu ya mwani. Kategemea kijitabu cha mzee mmoja wa huku Pemba, mnunuzi wa mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: kaandika kamba zipi za mwani hung'oka, na kotonii, aina ya mwani, hufa vipi kaskazi maji yakipata joto. Msimamizi kapiga wino mwekundu: "Mchapishaji hajulikani." Kamwambia atafute jarida la nje. Jee, ni haki?

Malindi1: Haki kabisa. Jarida lina mhariri, na makala hupitiwa kwanza na wataalamu wengine. Kijitabu kilichotoka duka la fotokopi la Chake Chake, nani kakipitia?

Mwana wa Wete: Chake imetajwa na nani? Mwenye mada kasema Pemba. Kwani Darajani kwenu Unguja hakuna fotokopi?

Malindi1: Mfano tu yakhe, usinune.

Mwana wa Wete: Mfano wa ovyo lazima upande boti uje huku! Karafuu zetu zikisifiwa ni "za Zanzibar", upuuzi ukitafutiwa kwao ni Chake.

Maalim wa Skuli: Jamani, mada. Lancet, jarida la udaktari la Uingereza, lipo tangu 1823. Mwaka 1998 ikatoa makala ya daktari Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Wameifuta lini? 2010. Miaka kumi na miwili wazee wanaogopa kuchanja watoto, na jina la jarida ndilo lililowatisha.

Malindi1: Lakini Maalim, si waliifuta? Mzee wa mwani akikosea nani atamfuta?

Bint Mkoani: Bahari itamfuta, kaka. Yule akikosea msimu hasara yake mwenyewe.
Na hilo "jarida la nje" nalo lishamfikia mdogo wangu kwa barua pepe. Makala hukubaliwa kwa siku tatu, dola 150, na wamemwita Profesa. Ada ya mwaka wa tatu hajaimaliza.

Muuza Urojo: Kwa dola 150 nami niandikeni Profesa wa Bhajia.

Malindi1: Hayo ni ya kitapeli, siyatetei. Kulikuwa na mkutubi Mmarekani, Bill nani sijui, ana orodha yao.

Maalim wa Skuli: Beall, wa Colorado. Orodha aliiondoa mtandaoni 2017. Na 2013 Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya uongo kwa majarida 304, 157 yakaikubali. Mengine yalikuwa ya wachapishaji wakubwa wakubwa. Mwambieni mdogo wetu amtaje mzee kama shahidi aliyeona, si kama utafiti, halafu msimamizi tumuone atakata nini.

Mwana wa Wete: Mimi bado nangoja msamaha wa Chake.

Malindi1: Haya, samahani Chake. Umeridhika?

Mwana wa Wete: Ungelisema tokea mwanzo.

Muuza Urojo: Samahanini, hilo duka lipo kweli? Nna vitabu arubaini vya hitma nataka kuvifunga springi kabla ya Ijumaa.

Mwana wa Wete: Njoo Wete. Chake watakukatia maneno pembeni.