Naomba ushauri: kalamu ya wino yenye mwili wa kauri ya Arita

Habari zenu wanajamvi. Baba yangu mdogo anastaafu ualimu mwishoni mwa mwaka huu, nasi wanafamilia tumechanga ili tumnunulie kalamu ya wino, kwa kuwa hadi leo barua zake zote huziandika kwa mkono.

Nimevutiwa na zile ambazo Sailor, kampuni ya kalamu ya Japani, imezitengeneza kwa kauri ya Arita, mji wa mkoa wa Saga unaofinyanga kauri tangu karne ya 17. Maua ya buluu huchorwa juu ya udongo uliokwisha kuchomwa mara moja, kisha hupakwa glezi (utando unaong'aa kama kioo ukichomwa) na kurudishwa tanurini kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi. Na kwa kuwa udongo hunywea humo, kuupata mwili unaolingana sawasawa na sehemu za chuma zinazofungwa ndani yake si kazi ndogo. Bei yake, kwa kweli, inatisha.

Ninachohofia ni uzito, maana mzee anasumbuliwa na baridi yabisi vidoleni. Kwa aliyewahi kuitumia, je, mkono huchoka baada ya kurasa mbili tatu? Je, kofia ikipata ufa, kuna fundi wa kuitengeneza, au ndiyo basi tena? Au ni heri nichukue Sailor ya kawaida ya plastiki, nyepesi, yenye nibu ya dhahabu ya karati 21, na fedha zitakazobaki nimnunulie wino na karatasi nzuri, kwa sababu kaunta buku zetu nyingi husambaza wino?