Nilimlilia adui wa picha. Thanos alikosea wapi hasa?

Binti Kayenze:

Habari za jioni wakuu. Jambo hili linanikaa moyoni tangu 2018, na kila nikilisema naambiwa sikuielewa picha.

Ilikuwa kambi ya wavuvi, Ziwa Victoria, siku za mwezi. Wa kanda ya ziwa mnajua: mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nchi kavu, na banda la video linajaa kuanzia mchana. Mimi nanunua dagaa, nilikuwa nimekwama pale nasubiri giza lirudi. Wakaweka Avengers: Infinity War, ile iliyotafsiriwa. Mtafsiri alikuwa hodari. Sauti ya Thanos aliifanya nzito na ya taratibu, kama mzee anayesuluhisha ndugu waliogombania shamba. Alipofika pale Thanos anamsimulia Doctor Strange, mmoja wa mashujaa wanaompinga, habari za Titan, nyumbani kwao, banda zima lilinyamaza. Sayari ilikuwa nzuri, vinywa vikawa vingi, chakula hakikutosha. Akawapa wenzake wazo la kuondoa nusu ya watu kwa bahati nasibu, tajiri na maskini sawasawa. Wakamwita mwendawazimu. Aliyoyasema yakatimia, na sasa amesimama kwenye magofu.

Hapo machozi yalinitoka, na sababu ni baba yangu.

Baba alikuwa na kokoro. Kwa msiolijua, ni wavu mrefu unaoburutwa kutoka majini hadi ufukweni, watu wanaushika huku na huku wanavuta, nao unasomba kila kitu: sato mkubwa, sato wa kidole, mayai, hata majani ya mahali samaki anapozalia. Utotoni mwake baba alikula furu na ningu, samaki wa asili wa ziwa letu, mpaka akawachoka. Sangara walipotapakaa ziwani miaka ya 1980, furu wakapotea aina baada ya aina. Baadaye sangara wenyewe wakaanza kupungua kimo. Mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, uliokuwa na mitumbwi ya kuhesabu ukajaa hadi mchanga hauonekani. Mwaka 1998 akasimama kwenye kikao cha wavuvi, akasema tuache makokoro, tupumzishe ufukwe walau miezi michache, la sivyo watoto wetu watavua maji. Walimcheka. Mmoja akasema mzee karogwa. Jina la Mwehu likamganda, na mimi nimekua naitwa mtoto wa Mwehu.

Kwa hiyo Thanos alipoalisha vidole, nusu ya viumbe wote wakageuka vumbi, kisha akakaa chini mwishoni, peke yake, analitazama jua, watu bandani wanamtukana, mimi nilimwona mtu aliyeonya akapuuzwa. Najua ni muuaji. Najua stelingi ni wale wanaogeuka vumbi. Lakini sikuweza kumchukia, na hadi leo siwezi kuonyesha kwa kidole hesabu yake inapovunjika. Nisaidieni, kwa heshima tu.

---

Mwalimu wa Buswelu:

Dada, nafundisha jiografia, na swali lako nimewahi kulipeleka darasani. Hesabu inavunjika kwenye miaka.

Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Nusu yake ni kama milioni 31. Sasa rudi nyuma: mwaka 1988 tulikuwa milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4. Kwa mwendo huo, milioni 31 tuliifikia mnamo 1998. Yaani Thanos angealisha vidole mwaka ule wa sensa, akaondoa nusu ya kila kaya kuanzia Igoma hadi Ukerewe, angeturudisha mwaka uleule ambao baba yako alisimama kikaoni kulia kwamba ziwa linakwisha.

Ukichukua dunia nzima ni vilevile. Ilifika watu bilioni 8 mwaka 2022, na ilikuwa na bilioni 4 mwaka 1974. Mwaka huo wa 1974 Bangladesh walikufa kwa njaa. Nusu ya watu, na njaa ipo palepale.

Tena katika Endgame, picha inayofuata, iliyotoka 2019, anayavunja yale mawe sita yaliyompa nguvu ya kuua, ili kazi yake isifutwe. Wanaobaki wataoa na kuzaa kama walivyozaa babu zetu, na baada ya miaka arobaini au hamsini tatizo lake limerudi, na yeye hana tena kitu mkononi. Ameua viumbe wasiohesabika kununua muda ambao mtu mmoja anaumaliza kabla hajazeeka. Wanafunzi wangu walipoiona hesabu hiyo ubaoni, hakuna aliyeongea kwa muda.

---

Mvuvi wa Ukara:

Mwalimu kasema vizuri, lakini ngoja niongee kama mtu wa majini.

Ziwa letu halimalizwi na vinywa. Mtumbwini tupo wanne. Sisi na familia zetu tunakula samaki wangapi? Sangara tunayemvua minofu yake inapanda ndege, bondo lake, kile kibofu cha hewa cha tumboni, linapelekwa China kwa bei ambayo mimi sijawahi kuishika mkononi, na watoto wangu wanakula mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki. Toa nusu ya wavuvi leo. Wavu wa tajiri utapata mikono mingine kabla wiki haijaisha, kwa sababu bei ya sangara bado ipo. Thanos hakuuliza nani anavuna na nani anakula. Alihesabu vichwa tu.

Halafu mbona kaondoa nusu ya viumbe vyote? Maana yake na samaki nusu, na ng'ombe nusu. Wavuvi nusu kwa samaki nusu, umebaki palepale.

Dada, mimi nami namwelewa, ila kwa njia nyingine. Mwaka mmoja doria ilikuja kwetu ikachoma nyavu. Za macho madogo, sawa, sheria ni sheria. Lakini kwenye rundo lile walitupa na wavu wangu wa inchi sita, wa halali, niliokuwa nimeulipia nusu ya bei. Nikapiga magoti. Yule aliyeshika kiberiti hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa mtu mpole, anajua ziwa linakufa, na kweli linakufa. Akaniambia kwa upole kabisa: mzee, ipo siku mtanishukuru. Miezi saba nilikuwa kibarua wa kuanika dagaa kwenye mwalo ambao nilikuwa na mtumbwi wangu.

Nilipoiona ile picha nilimtambua Thanos mara moja. Si kwa ukatili. Kwa ule upole.

---

Mama Igogo:

Mwanangu Binti Kayenze, sijakasirika, ila nakuomba unisome mpaka mwisho.

Thanos anasema bahati nasibu ni haki. Mimi bahati nasibu nimeiona. Mei 21, 1996, meli ilizama ikiwa inakaribia Mwanza kutokea Bukoba. Watu wa Mwanza hatuhitaji kuitaja jina. Ndani yake walikuwemo wafanyabiashara wenye fedha, wanafunzi, na akina mama wa kubeba ndizi, na maji hayakuchagua. Dada yangu mkubwa alikuwemo. Tulishinda ufukweni siku kadhaa, tukazika Igoma. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kifo kisichochagua ni cha haki, natamani nimshike mkono nimpeleke yale makaburi tukakae wawili bila kusema.

Wajukuu waliniwekea Infinity War. Ilipofika watu wanageuka vumbi, yule kijana Peter anamshika Tony anasema hataki kwenda, nilitoka nje. Ile ya pili niliimaliza kwa shida, na humo kuna mahali pamenifunza kuliko kote. Steve anamwambia Natasha, wote wawili mashujaa walionusurika, kwamba ameona nyangumi kwenye mto Hudson, pale New York, maana meli zimepungua na maji yamesafika. Natasha hataki kusikia. Mimi ni Natasha. Ziwa hili lingejaa furu na ningu kesho asubuhi, ningekaa hapohapo ufukweni namngoja dada.

Na huyu mvuvi kataja neno lenyewe. Shukrani. Thanos anamwambia Strange kwamba kazi ikiisha atapumzika atazame jua likichomoza juu ya ulimwengu wenye shukrani. Katika Endgame, akiona kwamba walionusurika hawakusahau wafu wao, anaapa kuuvunja ulimwengu wote na kuumba mwingine usiojua ulichopoteza. Angekuwa na uchungu kwa wenye njaa, huzuni yetu ingemtosha kumsimamisha. Alitaka tuseme asante.

---

Binti Kayenze:

Shikamoo mama. Nimekusoma mara tatu, na pole sana kwa dada yako. Kaka wa Ukara, pole na wewe. Mwalimu, hiyo 1998 imenipiga kifuani.

Jana mwezi ulikuwa umejaa, dagaa hakuna, nikapanda gari nikaenda nyumbani Kayenze. Nilimsimulia baba picha nzima, na majibu yenu yote, tukiwa tumekaa nje. Kwenye habari ya Gamora alinisimamisha. Nikamweleza: Thanos alimchukua akiwa mtoto mdogo, siku aliyoua nusu ya watu wa kwao, akawa anamwonyesha kisu kidogo jinsi ya kukisawazisha kwenye kidole wakati nyuma yake watu wake wanauawa. Akamlea kama binti yake. Kisha ili apate jiwe moja, akamtupa kutoka juu ya jabali huku analia.

Baba akauliza, "Yeye mwenyewe alitoa nini?"

Nikasema alitoa binti aliyempenda. Akasema huyo binti ndiye aliyetoa.

Nikakumbuka kitu ambacho sikuwaandikia pale juu, kwa sababu nilikuwa mdogo na sikujua maana yake. Usiku wa kabla ya kile kikao baba alilitandaza kokoro lake uani, akalikata vipande kwa panga. Lilikuwa ndilo shamba letu na ndiyo ada yetu ya shule. Mama alilia. Asubuhi akaenda kikaoni akiwa hana wavu, ndipo akawaomba wenzake. Mwaka ule tulikula ugali na mchicha, na mchicha wenyewe ulikuwa umezungushiwa vipande vya kokoro ili kuku wasiingie.

Nimemuuliza kama anajua kwamba mwaka 2024 walifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu samaki wazaliane. Anajua, alisikia redioni. Alinyamaza kidogo, akaniuliza wavuvi wa huko walikula nini miezi hiyo mitatu.

Vile vipande bado vipo, mama. Vimeoza pembeni, ila uzio umesimama.